Daktari wa Kwanza, Daktari wa Pili, na Msichana Aliyebaki Jikoni

Wacha nianze kwa kukiri kitu. Miezi michache iliyopita nilitengeneza video ya sekunde 90 kuhusu Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata digrii ya udaktari Marekani. Muziki wa nguvu nyuma, picha ya zamani, maandishi makubwa kwa skrini: VYUO 29, MWANAMKE MMOJA. Video ikafanya poa. Nikalala nimeridhika.

Wikendi nikaenda ushago, nikamwonyesha shosho. Aliitazama mara mbili, simu ameishika mbali na macho vile wazee hufanya. Halafu akaniuliza, "Huyu alikuwa na watoto?"

Nikamwambia hakuolewa, lakini alichukua msichana yatima akamlea.

"Na huyo msichana akawa daktari pia?"

Sikujua.

"Basi alikuwa anapika," shosho akasema, akarudi kuchambua mboga zake.

Hiyo sentensi ilinikaa. Niliporudi Nairobi nilianza kusoma hii familia vizuri, si ile ya sekunde 90. Barua zao nyingi ziko Library of Congress kule Washington, zimepigwa picha, na mtu yeyote mwenye data anaweza kuzifungua kwa simu. Nilikuwa nasoma usiku, bei ya data ikiwa chini, nikivuta picha iwe kubwa ili nielewe mwandiko wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nilienda kutafuta shujaa mmoja, nikapata nyumba nzima.

Tuanze na sukari. Elizabeth alizaliwa tarehe 3 Februari 1821, mjini Bristol, Uingereza. Babake, Samuel Blackwell, alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari. Sukari ya wakati huo ilitoka wapi? Visiwa vya Karibi, kwa mashamba yaliyolimwa na watu weusi waliokuwa watumwa. Na Bristol yenyewe ni mji uliotajirika sana kwa biashara hiyo ya kuuza watu. Sasa mshangao ni kwamba mzee Blackwell alikuwa anapinga utumwa. Kanisani na nyumbani anaongea dhidi ya utumwa, halafu Jumatatu anaingia kiwandani kuchemsha sukari ya watumwa. Watoto wake waliuona huo mgongano hata wakaacha kutumia sukari. Yeye mwenyewe akawa na ndoto ya kutengeneza sukari ya kiazi, isiyohitaji mtumwa. Haikufaulu.

Nimeanza hapo kwa sababu ukisoma stori nyingi za hawa kina dada, utadhani walianguka kutoka mbinguni wakiwa tayari na ujasiri. Zii. Walikulia kwa nyumba ambapo wazazi waliamini wasichana wasome sawa na wavulana, ikiwa na walimu wa kuwafundisha nyumbani, na ada ya hao walimu ilitoka kwa jasho la watu wasiojulikana majina. Shika hilo, tutalirudia.

Mwaka 1832, biashara ikiwa imeyumba, familia ilipanda meli kwenda New York. Watoto waliokua hadi utu uzima walikuwa tisa, wasichana watano na wavulana wanne. Mambo hayakunyooka huko pia. 1838 wakahamia Cincinnati, na miezi michache baadaye babao akafariki. Aliacha mjane, watoto wengi na pesa kidogo mno.

Walifanyaje? Mama na mabinti wakubwa walifungua shule nyumbani. Anna, Marian na Elizabeth walikuwa wasichana wadogo bado, Elizabeth akiwa na miaka 17, na wao ndio walioweka chakula mezani. Unajua hiyo stori. Ni stori ya nyumba nyingi hapa kwetu: baba ameondoka, firstborn anageuka kuwa baba.

Wazo la udaktari lilikuja baadaye, na Elizabeth mwenyewe aliandika kwamba mwanzoni lilimchukiza. Hakupenda mambo ya miili na magonjwa. Kilichombadilisha ni rafiki wa familia aliyekuwa anakufa kwa ugonjwa wa kike. Huyo mama alimwambia kwamba sehemu mbaya zaidi ya mateso yake ingepungua kama angetibiwa na mwanamke. Hebu fikiria: unakufa pole pole, na juu ya maumivu kuna aibu ya kuangaliwa na mwanamume usiyemjua, ambaye naye ana aibu ya kukuangalia.

Sasa ile sehemu ya video. Elizabeth alifundisha shule huko North Carolina na South Carolina ili kuweka akiba ya karo, na usiku akisoma vitabu vya madaktari waliokubali kumwazima. Alipokuwa tayari, aliandikia chuo baada ya chuo. Hesabu inayotajwa sana ni 29. Kulikuwa na waliomshauri avae kama mwanamume aende Paris. Akakataa. Alitaka mlango ufunguliwe, hakutaka kupenyeza dirishani.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa Geneva Medical College, chuo kidogo cha mashambani jimbo la New York. Na ulifunguka kwa utani. Walimu hawakutaka kubeba lawama ya kumkataa, kwa hivyo waliwaachia wanafunzi wapige kura, wanaume karibu 150, kwa sharti kwamba hata mmoja akikataa basi imeisha. Wanafunzi wakadhani ni mchezo, labda chuo jirani kinawatania. Wakapiga kelele za ndiyo. Wiki chache baadaye, Novemba 1847, msichana mfupi akaingia darasani na daftari lake, na darasa zima likanyamaza.

Mwalimu wa anatomia alimwomba asikuje siku watakayofundishwa viungo vya uzazi, ati kwa heshima yake. Alimwandikia barua kumweleza kwamba yeye ni mwanafunzi kama wengine. Barua ikasomwa mbele ya darasa, na wanafunzi wakamuunga mkono. Nje ya darasa, wanawake wa mji walimkwepa barabarani. Waliona ama ni mwendawazimu ama ni mwanamke mbaya. Tarehe 23 Januari 1849 alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Kakake Henry alikuwa ukumbini.

Video yangu iliishia hapo, na hapo ndipo makosa yangu yalipoanzia, kwa sababu baada ya hapo mambo yalikuwa mabaya. Elizabeth alienda Paris, akakubaliwa hospitali ya uzazi ya La Maternité, lakini kama mwanafunzi wa ukunga tu. Digrii yake haikuhesabiwa. Novemba 1849, alfajiri, akiosha macho ya mtoto mchanga aliyekuwa na ambukizo, maji yenye usaha yakamrukia jichoni. Alikaa wiki kitandani macho yamefungwa. Jicho la kushoto halikupona, baadaye likatolewa, akawekewa la kioo. Ndoto yake ilikuwa kuwa daktari wa upasuaji. Ikafia hapo, akiwa na miaka 28.

Na hapo ndipo daktari wa pili anaingia.

Emily Blackwell alikuwa mdogo wa Elizabeth kwa miaka mitano na nusu hivi. Alikuwa mrefu, mkimya, na kwa waliofanya kazi nao wote wawili, Emily ndiye aliyekuwa na mikono ya upasuaji na kichwa cha uongozi. Utadhani kwake njia ilikuwa rahisi kwa sababu dadake alishaifungua. Sivyo kabisa. Geneva, chuo kile kile kilichompa Elizabeth digrii, kilimkataa Emily. Walikuwa wameona mzaha wao umegeuka historia, hawakutaka kurudia. Mnamo 1852 chuo cha Rush, Chicago, kikamkubali, akasoma mwaka wa kwanza, halafu chama cha madaktari cha jimbo kikakilaumu chuo, naye akafungiwa nje. Katikati ya masomo! Alimalizia Cleveland mwaka 1854, kwa heshima, kisha akaenda Edinburgh kufanya kazi na James Young Simpson, yule daktari aliyeanzisha matumizi ya klorofomu kwa akina mama wanaojifungua.

Mimi nilikuwa naamini mtu wa kwanza akipita, wa pili anapita bila shida. Kumbe mara nyingine wa kwanza akipita, walinzi wanaamka.

Wakati Emily anahangaika na vyuo, Elizabeth alikuwa New York anahangaika na wenye nyumba. Hakuna aliyetaka kumkodishia chumba aweke kibao cha daktari, kwa sababu jina "daktari wa kike" mjini humo lilimaanisha mtu wa kutoa mimba. Wagonjwa hawakuja. Mwaka 1853 alifungua zahanati ndogo kwa maskini karibu na Tompkins Square, chumba kimoja.

Tarehe 12 Mei 1857, Elizabeth, Emily na Marie Zakrzewska, mkunga kutoka Berlin aliyesaidiwa na hao dada kupata digrii yake pale Cleveland, walifungua hospitali yao Bleecker Street: New York Infirmary for Indigent Women and Children. Hospitali ya wanawake na watoto maskini, ikiendeshwa na madaktari wanawake. Siku moja mgonjwa alipofariki baada ya kujifungua, umati ulikusanyika mlangoni na sululu na majembe, wakipiga kelele kwamba hawa wanawake wanaua watu. Maskini wenyewe waliokuwa wanatibiwa bure walikuja kuivunja. Haikuvunjwa.

Hospitali hiyo ilikuwa na maana moja kubwa ambayo huwezi kuona ukisoma juu juu. Kufikia wakati huo wanawake kadhaa walikuwa na digrii za udaktari, lakini hakuna hospitali iliyotaka kuwapa mazoezi ya kazi. Ni kama leo una cheti na huna pa kufanyia intern. Hapo ndipo walipopata wadi. Rebecca Cole, mwanamke mweusi wa pili kupata digrii ya udaktari Marekani, mwaka 1867, alifanya kazi hapo akizunguka nyumba za maskini akiwafundisha akina mama usafi na malezi ya watoto.

Novemba 1868 dada hao walifungua chuo chao cha udaktari kwa wanawake. Mwaka uliofuata, Elizabeth akaondoka kwenda Uingereza, akakaa huko karibu maisha yake yote yaliyobaki. Alihutubia, aliandika, mwaka 1895 akachapisha kitabu cha maisha yake. Kule Uingereza alikuwa amesajiliwa rasmi kama daktari tangu 1859, mwanamke wa kwanza kwenye daftari hilo, na hotuba zake za mwaka huo ndizo zilizomwasha Elizabeth Garrett, ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kufuzu udaktari ndani ya Uingereza.

Na chuo, na hospitali, na madeni, na wanafunzi? Emily. Miaka 30. Yeye ndiye aliyekuwa anafundisha, anapasua, anatafuta pesa, anaongeza miaka ya masomo ili mtu asiseme madaktari wake ni wa bei rahisi. Chuo kilitoa wahitimu zaidi ya 360. Mwaka 1899, baada ya Chuo Kikuu cha Cornell kuanza kupokea wanawake kwa udaktari pale New York, Emily alikifunga chuo chake, wanafunzi wakahamia kule. Alikijenga ili siku moja kisihitajike, na ilipofika hiyo siku hakung'ang'ania kiti. Hebu nitajie mwenyekiti wa chama chochote hapa kwetu anayeweza hivyo.

Hospitali yao bado ipo, ingawa imebadilisha jina na kuunganishwa na nyingine. Mwaka 1974 Marekani ilitoa stempu ya posta yenye uso wa Elizabeth. Wa kwanza hupata stempu. Wa pili hupata kazi.

Usinielewe vibaya, simponde Elizabeth. Lakini hakuwa malaika pia. Alipinga njia za kisasa za kuzuia mimba. Sayansi ilipoanza kuonyesha kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta magonjwa, alikuwa na mashaka mengi. Mtu anaweza kufungua mlango mmoja na kushikilia mwingine ufungike. Hiyo ni kawaida ya binadamu, na nadhani nyinyi mnaosoma hapa mna akili ya kubeba vyote viwili.

Familia yenyewe iliendelea kutoa maajabu. Henry, yule kaka wa ukumbini, alimwoa Lucy Stone mwaka 1855, na Lucy akabaki na jina lake, jambo lililokuwa kashfa. Samuel mdogo alimwoa Antoinette Brown, mwanamke aliyekuwa ametawazwa mchungaji mwaka 1853. Antoinette na Samuel walipata mabinti, na wawili kati yao wakawa madaktari. Kwa hivyo kwa hesabu ya haraka, familia moja, vizazi viwili, madaktari wanawake wanne. Kwa kulinganisha tu, Dkt. Josephine Nambooze wa Uganda, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuhitimu udaktari, alimaliza Makerere mwaka 1959. Miaka 110 baada ya Elizabeth.

Sasa turudi kwa swali la shosho.

Msichana aliitwa Katharine Barry, Kitty. Yatima mwenye asili ya Ireland. Elizabeth alimchukua mwaka 1854 kutoka kituo cha watoto wa wahamiaji, Randall's Island, New York, akiwa na miaka 7 hivi. Wakati huo Elizabeth alikuwa hana wagonjwa, hana rafiki wa karibu mjini, ana jicho moja, na watu wanamwandikia barua za matusi. Alikuwa mpweke kiasi cha kuugua. Kitty ndiye aliyemwokoa na huo upweke, na hilo Elizabeth mwenyewe alilikiri.

Kuna kisa kimoja kinachopendwa sana. Kitty alikuwa amezoea madaktari wanawake wakiingia na kutoka nyumbani. Siku moja akaja daktari mwanamume, na alipoondoka, mtoto akasema ni ajabu sana kusikia mwanamume akiitwa daktari. Nilicheka peke yangu saa saba usiku. Huo ndio ushindi wenyewe: mtoto anayeona kawaida kitu ambacho dunia nzima inakiona kioja.

Lakini endelea kusoma. Elizabeth alimchukua Kitty kama mtoto, na pia kama mkono wa kazi za nyumba. Vyote viwili, tangu siku ya kwanza. Alimsomesha, alimpenda, alimwita wake. Kitty naye hakumwita mama, alimwita Daktari. Alipokua, alishika nyumba. Daktari akihamia Uingereza, Kitty anafuata. Daktari akisafiri, Kitty anapanga mizigo. Daktari akizeeka na kuanguka ngazi mwaka 1907, asirudi tena kuwa yule wa zamani, Kitty ndiye yuko pale. Hakuolewa. Hakuwa na taaluma yake. Mwanamke aliyepigana maisha yake yote ili wanawake wawe na kazi zao, aliishi miaka zaidi ya 50 na mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa ni yeye.

Elizabeth alifariki tarehe 31 Mei 1910, Emily akamfuata Septemba mwaka huo huo. Kitty aliishi mpaka 1936. Uzeeni alikaa na Alice, binti wa Henry na Lucy, na Alice akaandika kumbukumbu ambazo Kitty alimsimulia. Mengi ya nyumbani kuhusu familia hiyo tunayajua kwa sababu yule msichana wa jikoni alikuwa anaona kila kitu, na mwishowe kuna mtu aliyekaa chini akamuuliza. Majivu yake yalipelekwa Kilmun, Uskoti, kwenye kaburi la Daktari wake.

Shosho alikuwa amejua kwa sentensi moja. Na nilijua ni kwa nini alijua.

Kwa familia yetu kuna madaktari wawili, dada za mamangu. Picha zao za kuhitimu ziko ukutani kwa shosho, juu ya televisheni, zimefunikwa na kitambaa cha kushonwa wakati wa vumbi. Tumekua tukiambiwa, soma kama anti zako. Kuna anti mwingine, mkubwa wao wote. Huyo hana picha ukutani. Krismasi ukifika, yuko jikoni. Ukiondoka, yuko jikoni. Nimemjua miaka 23 na sikuwa nimewahi kumuuliza swali hata moja zaidi ya "chai iko?"

Nikampigia.

"Anti, habari ya jioni?"

"Niko salama, mami. Kwani kuna nini?"

Hakuna mtu humpigia kama hakuna kitu. Nikamwambia nasoma historia ya familia moja ya madaktari, na nataka kujua yetu. Akanyamaza. Akauliza nani amenituma. Nikasema hakuna. Akasema anipigie akimaliza kukamua.

Alinipigia saa tatu usiku, tukaongea mpaka salio langu na lake likaisha.

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981, akapita, akaitwa shule. Karo ilikuwa ya mtu mmoja, na mdogo wake alikuwa anakuja nyuma yake, kichwa zaidi. Yeye akaenda kuchuma kahawa. Hiyo pesa ndiyo ilimpeleka mdogo wake sekondari. Baadaye huyo mdogo alipata mtoto akiwa bado chuoni, Nairobi, na akatakikana mtu wa kukaa na mtoto ili masomo yasikatike. Nani? Yeye. Alikaa kwa chumba kimoja na mtoto mgongoni miaka minne, kisha mdogo wa pili naye akaingia udaktari, akabaki. Majirani walimwita mboch. Hakuwasahihisha. Angesema nini, kwamba yeye ni dadake daktari? Nani angeamini?

Nikamuuliza kama ana uchungu.

"Mimi sikunyimwa shule," akasema. "Nilichagua. Lakini hakuna mtu aliniwekea kitu kingine mezani nichague."

Halafu akacheka, akaniambia usiku alikuwa anashika kitabu cha anatomia amuulize mdogo wake maswali kabla ya mtihani, kwa sababu mtoto alikuwa akilala mapema. Akanitajia mifupa minane ya kifundo cha mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio. Nilitafuta kwa simu nikiwa bado naongea naye. Hakukosea hata mmoja.

Sasa, kwa nini naandika haya badala ya kuyaweka moyoni? Kwa sababu shosho anagawa shamba. Kumekuwa na vikao. Kwenye kikao kimoja mtu alisema, mbele ya wote, kwamba wapewe zaidi waliosaidia hii familia, na akahesabu: aliyejenga nyumba ya mawe, aliyelipa bili ya hospitali, aliyenunua tangi la maji. Anti mkubwa hakutajwa. Hakuna risiti ya kubeba mtoto. Hakuna anayekupa cheti kwa kumwuliza mtu mifupa ya mkono saa sita usiku.

Ndio maana swali la nani anaingia kwa historia si swali la vitabu tu. Anayesahaulika kwa stori husahaulika kwa mali pia. Mzee Blackwell aliwasomesha mabinti kwa sukari ambayo walioilima hawakuwekwa kwenye stori. Elizabeth alitibu maskini akiwa na mtu nyumbani anayemshikia nyumba. Hilo halifuti walichofanya. Madaktari wetu wawili walisoma kwa bidii, walikesha, wanastahili kila picha ukutani. Lakini stori ya "alipambana peke yake" ni uongo karibu kila mara, na kuna mtu hulipia huo uongo.

Kwa hivyo nimefanya vitu viwili. Ile video nimeitoa, nitatengeneza nyingine yenye watu watatu: Elizabeth, Emily na Kitty. Itakuwa ndefu na pengine haitafanya poa. Sawa tu.

Cha pili, nimeandika ukurasa mmoja. Si insha, ni orodha. Mwaka, mahali, kazi iliyofanywa, nani alinufaika. Anti amenisahihisha mara tatu kwa simu, mara moja kwa sababu nilikuwa nimemwongezea mwaka ambao hakufanya. "Andika ukweli," akasema, "wasije wakapata pa kushika." Mmoja wa wale anti madaktari ameisoma. Alikaa siku mbili bila kujibu, halafu akanitumia neno moja: "Ongeza." Na chini yake akataja mambo mawili ambayo hata anti mkubwa alikuwa amesahau.

Kikao ni Desemba. Sijui itaendaje. Karatasi nimeichapisha nakala nane.

Na wewe, ukienda nyumbani, angalia picha zilizo ukutani. Halafu nenda jikoni uulize.